Mashini ya wadini ikizimika, usilaumu umeme peke yake

KAMA umewahi kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa wako hospitalini, bila shaka unaijua ile mashini ndogo iliyofungwa kwenye chuma cha dripu, inayolia "ti, ti, ti" usiku kucha. Wauguzi huiita pampu. Kazi yake ni kusukuma maji na dawa ndani ya mshipa kwa kipimo alichoagiza daktari, bila kuzidi wala kupungua. Karibu nayo huwa kuna nyingine yenye kioo kama cha televisheni, ambayo huchora mapigo ya moyo kwa mistari ya rangi. Jamaa wengi huitazama hiyo ya pili kuliko wanavyomtazama mgonjwa mwenyewe.

Sasa jiulize: ni kitu gani kinachoweza kuzizima mashini hizo? Wengi wetu tutajibu mara moja kwamba ni umeme kupotea. Ndiyo maana mtu akimpeleka mzazi wake kulazwa huuliza kwanza kama hospitali ina jenereta. Swali hilo ni zuri. Lakini tangu mashini hizi zianze kuunganishwa na mtandao wa kompyuta wa hospitali, kumezuka sababu ya pili ambayo hapa kwetu haizungumzwi sana, na inapozungumzwa huachiwa vijana wa kompyuta walio katika chumba cha chini. Mimi nasema hilo ni kosa. Hili ni jambo la afya, na linastahili kujadiliwa katika kurasa hizi sawa na malaria au shinikizo la damu.

Hebu tuanze na mashini yenyewe. Ndani ya pampu ile mna kompyuta ndogo. Kama ilivyo kompyuta yoyote, ina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayotawala kazi zote. Ndani ya mfumo huo mna sehemu ambayo kazi yake ni mtandao tu: kupokea habari zinazoingia kupitia waya au hewani, kuzisoma, na kuzipeleka zinakotakiwa. Wenyewe huzipa programu za namna hii jina la dereva. Habari haziji kwa mkupuo mmoja. Huja kwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti ni kama bahasha: ina anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, na maelezo ya jinsi ya kuifungua.

Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuinyima mashini nafasi ya kufanya kazi yake kwa njia mbili, na ni muhimu msomaji azitofautishe.

Njia ya kwanza ni ya mafuriko. Wazia dirisha la kliniki ambalo kwa kawaida huhudumia watu 50 kwa asubuhi. Siku moja watu 5,000 wanajipanga pale, wote wakiwa wazima na wote wakiuliza maswali ya kipuuzi. Mgonjwa halisi hafiki dirishani. Wakenya tulionja jambo hilo Julai 2023, wakati mtandao wa serikali wa eCitizen ulipofurikwa na maombi bandia. Waliokuwa wakitaka pasipoti, viza au tiketi ya reli walikwama. Kundi lililojitwika lawama lilijiita Anonymous Sudan. Wengi wetu tulilalamika juu ya tiketi, kisha tukasahau. Lakini kundi hilohilo halikuishia hapo. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofichuliwa nchini Marekani mnamo Oktoba 2024 dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, Februari mwaka huo lilishambulia hospitali ya Cedars-Sinai mjini Los Angeles, na kwa muda wa saa nane hivi wagonjwa wa dharura wakalazimika kupelekwa hospitali nyingine. Kama ulidhani mambo haya ni ya tiketi tu, fikiria mtu mwenye kiharusi akizungushwa mjini ndani ya ambulensi.

Njia ya pili haihitaji mafuriko. Hii naifananisha na mzio. Kuna mtu anayekula karanga kilo nzima asiumwe hata tumbo, na kuna mwingine ambaye punje moja tu humvimbisha koo akakosa pumzi. Kosa haliko kwenye wingi wa karanga, liko katika jinsi mwili wake unavyoipokea. Vivyo hivyo, kuna programu za mtandao ambazo mtengenezaji alizisahaulisha jambo dogo, hivi kwamba pakiti moja tu iliyotengenezwa kwa hila huiangusha kompyuta nzima. Mwaka wa 1996 iligunduliwa kwamba kompyuta za aina nyingi zilianguka zilipotumiwa pakiti iliyozidi baiti 65,535, kipimo cha juu kinachoruhusiwa. Ilitumwa kwa vipande, nayo mashini ilipoviunganisha ikajikuta imepewa mzigo usiotoshea kikapuni. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekwa vyuoni. Pampu za dripu zilikuwa bado hazijaunganishwa na mtandao.

Julai 2019 kicheko kiliisha. Watafiti wa kampuni ya usalama iitwayo Armis walitangaza kwamba wamekuta kasoro 11 katika programu ya mtandao iitwayo IPnet, iliyomo ndani ya mfumo endeshi wa VxWorks. Huenda jina hilo halikuambii kitu, msomaji, lakini mfumo huo umo katika vifaa vinavyohesabiwa kwa mabilioni: viwandani, kwenye lifti, kwenye printa za maofisini, hata katika magari ya uchunguzi ambayo Marekani imeyapeleka sayari ya Mirihi. Na umo katika mashini za hospitali. Kasoro 6 kati ya hizo 11 zingemwezesha mshambulizi kuendesha mashini atakavyo. Zilizobaki zilikuwa na madhara mengine, na baadhi yake zilikuwa za namna ile ya mzio: mashini inaanguka, au inakatwa ghafla kutoka kwenye mtandao.

Kasoro hizo zilipewa jina la URGENT/11, na sababu yake inafaa kuelezwa maana inaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kuleta balaa. Katika kanuni za mtandao kuna nafasi kwenye bahasha ya kuandika kwamba sehemu fulani ya ujumbe ni ya dharura, pamoja na nambari ya kuonyesha dharura hiyo inaishia wapi. Siku hizi programu chache sana hutumia nafasi hiyo. Ni kama mlango wa nyuma wa duka ambao hakuna aliyeufungua kwa miaka. Sasa, mtu akituma bahasha iliyogongwa muhuri wa dharura, lakini penye nambari akaandika sufuri, programu ile ilipiga hesabu ya kutoa na kushuka chini ya sufuri. Kompyuta haikuelewa kwamba ni pungufu. Iliisoma kama nambari kubwa ajabu, ikaanza kumwaga habari katika kumbukumbu kupita mpaka wake. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili!

La kushangaza zaidi ni historia yake. Programu ya IPnet iliandikwa na kampuni ya Uswidi iitwayo Interpeak, ambayo ilinunuliwa na wenye VxWorks, kampuni ya Wind River, mwaka wa 2006. Kabla ya kununuliwa, Interpeak ilikuwa imewauzia wengine programu hiyohiyo. Kwa hivyo Oktoba 1, 2019, idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, FDA, ilipotoa onyo rasmi kwa hospitali, wagonjwa na watengenezaji, ilibidi ieleze kwamba kasoro hizo hazimo katika VxWorks peke yake bali pia katika baadhi ya matoleo ya mifumo mingine kadhaa. Tayari watengenezaji walikuwa wamegundua kwamba mashini ya picha za mwili, pampu ya dripu na mashini ya nusukaputi zilikuwa zimeathirika. Kulikuwa na watengenezaji ambao hawakujua kabisa kama mashini zao zina programu hiyo ndani. Ni kama mpishi anayekupa chakula, ukimuuliza kama kina karanga anakuna kichwa.

Sitaki kukutisha bure. FDA ilisema wakati huo haikuwa na habari ya mgonjwa yeyote aliyedhurika kutokana na kasoro hizo. Pia yafaa kujua kwamba pampu nyingi huendelea kudondosha dawa hata zikikatwa kutoka kwenye mtandao, kwa sababu mtandao huzisaidia tu kupokea orodha ya dawa na kupeleka kumbukumbu. Hatari kubwa ni pale sehemu hiyo ya mtandao inapoanguka na kuvuta mashini nzima pamoja nayo, au pale kioo kilicho kwenye meza ya wauguzi kinapoacha kupokea mapigo ya moyo ya mgonjwa aliye chumba cha mwisho. Usiku, wauguzi wawili wakiwa na wagonjwa 40, kioo hicho ndicho jicho lao la tatu.

Kama bado unadhani haya ni ya maabara tu, kumbuka Mei 12, 2017. Siku hiyo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika udhaifu uliokuwa kwenye dereva wa mtandao ndani ya Windows, ile sehemu inayogawa faili baina ya kompyuta. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba udhaifu huo tangu Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Huko England, mashirika ya hospitali yasiyopungua 80 kati ya 236 yaliathirika, pamoja na kliniki 595 za madaktari wa familia. Inakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa. Mashini 1,220 za uchunguzi ziliambukizwa. Madaktari walirudia kalamu na karatasi, wakawa wanaulizana hali za wagonjwa kwa simu zao wenyewe na WhatsApp. Katika sehemu tano wagonjwa wa dharura walilazimika kusafiri mbali zaidi.

Kuna jambo moja la kisa hicho ambalo halikuvuma. Watu walilaumu Windows XP, mfumo mkongwe ulioachwa na Microsoft mwaka wa 2014. Wachunguzi walipotazama vizuri walikuta kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7 ambazo mtu hakuzitia kiraka. Zile za XP, katika majaribio, mara nyingi hazikuambukizwa hata kidogo: zilianguka tu na kuonyesha kioo cha bluu. Kirusi kilishindwa kuingia, lakini mashini nayo ikashindwa kufanya kazi. Kwa mgonjwa anayengoja picha ya kifua, tofauti iko wapi?

Nimesikia mtu mmoja mwenye cheo katika mambo ya afya akisema kwamba sisi hatujafikia huko, kwamba mashini zetu nyingi hata hazina mtandao. Zamani ningekubaliana naye. Leo hospitali za kaunti zina mashini za picha zinazotuma habari kwa kompyuta, maabara zinazotoa majibu kwa mtandao, na madai ya bima ambayo hayalipwi bila mtandao. Mwaka wa 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hali ya juu kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti. Mjadala wetu juu ya mpango huo ulikuwa mkali, na ulihusu hasa bei, na vifaa vilivyokaa bila kutumiwa. Ni haki tuliuliza. Lakini ni nani alisimama na kuuliza ni mfumo endeshi gani umo ndani ya mashini hizo, na ni nani atakayeutia viraka, na kwa miaka mingapi? Mashini ya picha hutumika miaka 10, 15, hata zaidi. Programu iliyomo ndani huzeeka kabla ya chuma kupata kutu.

Ndipo maoni yangu yanapofikia. Wizara ya Afya na serikali za kaunti zisinunue, zisikodi wala zisipokee hata kwa msaada mashini yoyote inayounganishwa na mtandao bila orodha ya programu zote zilizomo ndani yake. Wamarekani walilifanya hilo kuwa sheria: tangu Machi 2023 mtengenezaji anayetaka kibali cha kifaa kipya cha namna hiyo sharti aitoe orodha hiyo na aeleze atakavyoziba kasoro zitakazojitokeza. Kwa kuwa mashini nyingi tunazonunua hutoka kwa kampuni zilezile, orodha tayari ipo. Kazi yetu ni kuiomba. Na mashini za msaada kutoka ng'ambo tuziangalie kwa jicho kali zaidi, maana mara nyingi hospitali ya huko huitoa mashini wakati ambapo mtengenezaji ameacha kuihudumia.

Wahandisi wa hospitali watanijibu, na wana haki, kwamba kutia kiraka mashini ya hospitali si sawa na kutia kiraka simu yako. Huwezi kuizima ikiwa imefungwa kwa mgonjwa. Mtengenezaji lazima aijaribu kwanza, asije akaziba tundu moja na kufungua jingine kwenye kipimo cha dawa. Hospitali ikijifanyia yenyewe, inaweza kupoteza dhamana. Ni kweli yote hayo. Lakini kuna jambo ambalo halimngoji mtengenezaji: kuzitenga mashini za wagonjwa katika mtandao wao wenyewe. Pakiti ya hila haina budi kuifikia mashini ndipo iiangushe. Haifai pampu ya dripu iwe katika mtandao mmoja na simu ya mgeni anayetazama mpira kwenye sebule ya hospitali, au na kompyuta ya karani wa risiti. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuitenga kwa vifaa ambavyo hospitali nyingi za mjini tayari zinavyo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwagiza.

Kuna kinga nyingine ambayo naiogopea kwamba inapotea, nayo ni mkono wa muuguzi. Kabla ya pampu, muuguzi alisimama kando ya chupa ya dripu akiwa na saa yake kifuani, akahesabu matone. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme daktari ameagiza lita moja ya maji kwa saa 8. Seti nyingi za dripu za watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hivyo lita moja ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya unapata matone kama 42 kwa dakika. Muuguzi hufungua au hubana kile kigurudumu cha mpira mpaka apate 42, kisha huzunguka kwa mwingine na kurudi kuhakikisha. Wauguzi waliofunzwa miaka ya themanini hufanya hivyo huku wakizungumza nawe. Katika wadi moja ya Nairobi nilimwona muuguzi kijana, mwerevu na mwenye huruma, akiduwaa pampu ilipogoma, mpaka dada yake mkubwa wa zamu ya usiku alipokuja na saa yake. Si lawama kwake. Hakuna aliyempa nafasi ya kuzoea.

Nakiri kwamba matone hayatoshi kwa kila dawa. Zile kali za kupandisha presha au kutuliza moyo hazihesabiwi kwa jicho. Zinahitaji pampu, na pampu ya akiba iliyo karibu. Ndiyo sababu zaidi ya kila wadi kufanya zoezi, angalau mara mbili kwa mwaka, la kuendesha kazi kwa saa moja kana kwamba mtandao na mashini zake zimelala. Tunafanya mazoezi ya moto. Moto huja mara moja kwa miaka mingi, mtandao hulala kila wiki.

Na wewe msomaji unaweza kufanya nini? Kwanza, usiikatae mashini. Mgonjwa anayehitaji pampu akaikosa yumo katika hatari kubwa kuliko kasoro yoyote niliyoitaja. Kioo kikizimika au kikaganda, usikigongegonge wala kuchomoa waya. Mwite muuguzi, na wakati unangoja mtazame mgonjwa mwenyewe: anapumua vipi, midomo ina rangi gani, anaitika ukimwita? Tafadhali pia acha ile tabia ya kuchaji simu kwenye tundu lililo nyuma ya mashini ya mgonjwa. Nimeiona zaidi ya mara moja. Tundu lile liliwekwa kwa ajili ya fundi, na simu yako ni kompyuta kamili inayobeba usiyoyajua. Chomeka ukutani, au omba.

Lile daftari la kliniki pia usilitupe kwa sababu umeambiwa kila kitu kimo kwenye kompyuta. Andika dawa unazotumia na kipimo chake, mzio ulio nao na kundi la damu. Kina mama wanaohifadhi kitabu cha kliniki cha mtoto wanajua faida yake. Kule England mwaka wa 2017, mgonjwa aliyejua dawa zake kwa majina alikuwa msaada mkubwa kwa daktari aliyekuwa na kioo cheusi mbele yake.

Nina ombi moja kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo husimamia pia vifaa vya tiba nchini. Dawa ikipatikana na kasoro, bodi hutoa tangazo lenye jina la dawa na nambari yake, na wenye maduka huiondoa. Mashini ikipatikana na kasoro ya mtandao, tangazo la Marekani au Ulaya huenda likakaa kwenye barua-pepe ya mwakilishi wa kampuni hapa Nairobi bila kumfikia muuguzi wa Kitale au Voi. Bodi na ilichapishe kwa jina la mashini, modeli yake na mwaka wake, pamoja na kusema kama inaweza kuendelea kutumiwa na nani wa kuitwa. Hata mistari minne ingetosha, na ibandikwe ukutani karibu na simu ya wadi.